Gharika Ilifunika Nchi Gani?

Mada hii sikuichagua kwa kupenda ubishi. Ilinifuata nyumbani kwetu Michenga, mwezi wa nne mwaka 2024, ikaja pamoja na maji.

Sisi wa Bonde la Kilombero maji tumeyazoea. Kila masika mto unafura, unatapakaa mbugani, halafu unarudi mahali pake na kutuachia tope jeusi linalootesha mpunga. Bila maji yale hakuna wali. Lakini msimu ule mvua zilianza tangu mwisho wa mwaka 2023, zile ambazo redio zilituambia ni za El Nino, na hazikutaka kwisha. Maji yakapita mbugani, yakapita barabara, yakaingia hadi jikoni kwetu. Tulibeba magodoro, masufuria na debe mbili za mchele, tukahamia kwa mama mdogo upande wa mjini Ifakara. Ekari mbili za mpunga wa mama zikageuka ziwa. Jirani yetu mmoja alimpoteza mtoto wa miaka sita. Mtoto alichukuliwa na maji kwenye kijito ambacho wakati wa kiangazi hata kuku anakivuka.

Wala hatukuwa peke yetu. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua zile, na kwamba watu wapatao 200,000 wameathirika.

Maji yalipopungua alikuja mhubiri mmoja. Akafunga spika zake uwanjani, akasema mafuriko yametupata kwa sababu ya dhambi za bonde: ulevi, uchawi, uzinzi. Eti Mungu amefanya kama alivyofanya siku za Nuhu. Watu wengi waliitikia. Yule mama aliyefiwa alikuwa amesimama karibu na mama yangu. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini: "Sasa mwanangu alikuwa na dhambi gani?"

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018 na matokeo ambayo sipendi kuyataja. Ningejibu nini mbele za watu? Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa yamechelewa.

Nilijiambia hivi: huyu bwana ameitumia gharika ya Nuhu kama fimbo. Na mtu akikuchapa kwa fimbo, una haki walau ya kuitazama imekatwa kwenye mti gani. Je, gharika ile ilifunika dunia nzima, au ilikuwa mafuriko ya nchi moja? Kijiweni kwetu, pale bodaboda wanapongojea abiria, tulibishana siku tatu. Wengine wakasema dunia nzima, mwisho wa maneno. Wengine wakasema hadithi tu ya Wayahudi, tuachane nayo. Babu yangu, ambaye alikuwa katekista kwa miaka mingi, alitusikia akanifuata jioni.

"Kitabu kimesema nchi yote," aliniambia. "Wewe mjukuu wangu unataka kupunguza?"

"La, Babu," nilimjibu. "Sitaki kupunguza. Nataka kupima."

Akacheka, akasema, "Haya, pima."

Basi na tupime, msomaji. Tuanze na Kitabu chenyewe, maana wengi tunakibishania bila kukifungua. Habari iko kwenye Mwanzo, sura ya 6 hadi ya 9. Nuhu ana umri wa miaka 600. Safina ina urefu wa dhiraa 300, yaani kama mita 135 hivi. Mvua inanyesha siku 40, maji yanatawala siku 150, yanapita juu ya milima kwa dhiraa 15. Safina inatua kwenye milima ya Ararati. Kunguru anatumwa, njiwa anatumwa. Tangu Nuhu aingie mpaka atoke, umepita mwaka mmoja na siku kama kumi. Wasomi wa Biblia, tangu karne ya 18, wameonyesha kwamba ndani ya sura hizi kuna masimulizi mawili yaliyosukwa pamoja kama ukili: moja linataja wanyama wawili wawili, lingine linataja saba saba kwa wanyama walio safi.

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiebrania neno linalotumika ni eretzi. Neno hilo huweza kuwa dunia, huweza kuwa ardhi, huweza kuwa nchi ya watu fulani, kama nchi ya Misri au nchi ya Kanaani. Na hapa Kiswahili chetu kina bahati ambayo lugha nyingine hazina. Waliotafsiri ile Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walitumia neno "nchi". Nasi tunajua nchi ni nini. Tunasema mbingu na nchi, tukimaanisha ulimwengu. Tunasema nchi kavu. Tunasema nchi yetu Tanzania. Mkulima wa Michenga akisema "mwaka huu nchi imekauka", hazungumzii Brazil.

Biblia yenyewe inatupa mifano. Katika habari za Yusufu tunaambiwa kwamba nchi zote zilikwenda Misri kununua nafaka wakati wa njaa. Hakuna anayedhani kwamba watu walitoka Japani na magunia. Katika Injili ya Luka, Kaisari Augusto anaagiza ulimwengu wote uandikwe. Mababu wa Wandamba walikuwapo mahali fulani wakati ule, wakivua samaki wao, wala hakuna karani wa Kirumi aliyewafikia. "Wote" wa mwandishi ni wote anaowajua. Huo si uongo. Ndivyo watu wanavyosema. Nikikwambia mji mzima ulikuwa uwanjani kutazama mpira, utanielewa bila kwenda kuhesabu wagonjwa waliobaki hospitalini.

Waislamu nao wanayo habari hii. Katika Kurani, Sura ya Hud, safina inatua juu ya Judi, na mmoja wa wana wa Nuhu anazama baada ya kusema kwamba atakimbilia mlimani. Nuhu anatajwa kuwa mtume aliyetumwa kwa kaumu yake. Kwa sababu hiyo wako wanazuoni wanaosema kwamba gharika iliipata kaumu ile tu, na wako wanaosema iliifunika dunia. Kumbe ubishi wetu wa kijiweni una ndugu hata misikitini.

Lakini neno peke yake halimalizi kesi. Babu aliniambia, "Nchi ni nchi, sawa. Lakini milima je? Kitabu kinasema milima ilifunikwa." Hapo ikabidi tupime maji.

Chukua maji yote yaliyomo hewani duniani kote kama mvuke na mawingu. Yakidondoka yote kwa mkupuo mmoja, yakatandazwa sawasawa duniani, kina chake ni sentimita mbili na nusu tu. Hayafiki hata kifundo cha mguu. Mvua zaidi ya hapo lazima itoke baharini kwanza, na ikitoka baharini, bahari inapungua. Haya, chukua barafu yote, ya ncha ya kusini na ya kaskazini, iyeyushe. Bahari itapanda kama mita 65 au 70. Dar es Salaam itapata taabu kubwa, Zanzibar pia. Lakini Ifakara, ambako sisi tunajiona tuko shimoni, iko mita zaidi ya 200 juu ya usawa wa bahari. Barafu yote ya dunia haiwezi kulowesha uwanja wetu wa mpira. Sasa fikiria Luhombero, kilele cha Udzungwa, mita 2,576. Fikiria Kilimanjaro, mita 5,895. Maji hayo yangetoka wapi, na baadaye yangekwenda wapi?

Babu alijibu kama mwamini: "Mungu hashindwi." Sikumpinga. Mwenye kusema ni muujiza hapimwi kwa rula. Lakini muujiza wa namna hiyo ungeacha alama, kama vile maji ya mwaka 2024 yalivyoacha mstari wa tope kwenye ukuta wetu. Na watu walishaitafuta alama hiyo, tena watu wa dini. Mwaka 1823 William Buckland, mwalimu wa Oxford na kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliandika kitabu akieleza kwamba mapango na changarawe za Ulaya ni ushahidi wa gharika ya dunia nzima. Mwenzake wa Cambridge, Adam Sedgwick, naye kasisi, aliamini hivyo hivyo. Lakini walipoendelea kuchimba waligundua kwamba changarawe ya hapa si ya wakati mmoja na changarawe ya kule. Mwaka 1831 Sedgwick alisimama mbele ya Chama cha Jiolojia cha London, ambacho yeye mwenyewe alikuwa rais wake, akasema hadharani kwamba alikosea. Buckland naye baadaye aliliacha wazo lile. Nampenda sana Sedgwick kwa jambo hilo. Si rahisi mkubwa kusema "nilikosea" mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Kwa sisi wa Kilombero ushahidi mwingine uko karibu zaidi, hatuna haja ya kwenda Ulaya. Juu ya bonde letu, kwenye ukingo wa Udzungwa, kuna maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiendelea, watafiti walikuta pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Hakupatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye rasharasha ya maporomoko yale, eneo la hekta mbili hivi. Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha ikapungua. Baada ya miaka michache chura wakawa hawaonekani, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Waliobaki ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kufugwa, na kuanzia mwaka 2012 wazao wao wakaanza kurudishwa Kihansi.

Sasa niambie, msomaji. Kiumbe ambaye hakustahimili kupunguziwa rasharasha kwa miaka michache, angekaaje mwaka mzima ndani ya safina, kisha ashuke Ararati na kuruka kilomita zaidi ya 5,000, apite jangwa, apite mito, asizaliane popote njiani, mpaka afike Kihansi? Na samaki wa Ziwa Tanganyika, aina mamia ambazo hazipo kwingine, wangeponaje siku maji ya chumvi yangechanganyika na maji baridi? Chura wa Kihansi ni shahidi wetu. Anasema kwa kuwapo kwake kwamba milima ile haikufunikwa.

Basi je, ni hadithi tupu? Hapana. Hapo ndipo wenzangu wa kundi la pili kijiweni nao walipokosea.

Kulikuwa na kijana wa London aliyeitwa George Smith, aliyezaliwa mwaka 1840 katika familia ya watu wa kawaida. Shule aliacha akiwa na miaka 14, akawekwa kujifunza kazi ya kuchonga sahani za kuchapia noti za benki. Saa yake ya chakula cha mchana alikuwa anakwenda British Museum kutazama vigae vya udongo vilivyochimbwa Ninawi, vyenye maandishi kama nyayo za ndege. Akajifundisha kuyasoma mwenyewe mpaka wakubwa wa pale wakamwajiri. Mwaka 1872 alikuta kwenye kigae kimoja habari ya mtu aliyejenga chombo, akapakia watu wake na wanyama, mvua ikanyesha, chombo kikatua mlimani, naye akatuma ndege: njiwa, mbayuwayu na kunguru. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliisoma habari hiyo mbele ya watu, na Waziri Mkuu Gladstone alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Smith alifariki safarini mwaka 1876, akiwa na miaka 36. Wewe kijana unayesoma gazeti hili huku umekata tamaa kwa sababu ya cheti, mkumbuke huyo.

Kigae alichokisoma ni sehemu ya utenzi wa Gilgameshi, na mtu yule wa chombo anaitwa Utnapishtimu. Masimulizi mengine ya gharika kutoka nchi ile ile, yale ya Atrahasisi, yameandikwa zaidi ya miaka 3,600 iliyopita. Nchi yenyewe ni tambarare baina ya mito Tigri na Frati, Iraki ya leo. Mwaka 1929 Leonard Woolley, alipokuwa akichimba mji wa Uru, ule ambao Biblia inasema Abrahamu alitoka, alikuta chini ya mabaki ya watu tabaka la tope safi lenye unene wa mita kama tatu, halafu chini yake tena mabaki ya watu. Akatangaza kwamba ameipata gharika ya Nuhu. Magazeti yakashangilia.

Lakini subiri. Mji wa Eridu hauko mbali na Uru, na huko hawakukuta tabaka hilo. Kishi na Shurupaki walikuta tope la mafuriko, ila si la wakati mmoja na lile la Uru. La Shurupaki linakadiriwa kuwa la karibu mwaka 2900 kabla ya Kristo, na Shurupaki ndiko masimulizi ya kale yanakosema alitoka Utnapishtimu. Maana yake nini? Nchi ile ilifurika mara nyingi, hapa na pale. Furiko moja, au machache, yalikuwa makubwa kiasi cha kugawa historia yao: wao wenyewe waliandika orodha ya wafalme wa kabla ya gharika na wa baada ya gharika. Wako waliotafuta mbali zaidi. Wanajiolojia wa Marekani, William Ryan na Walter Pitman, mwaka 1997 walitoa hoja kwamba bahari ilivunja mlango wa Bosforo na kuijaza Bahari Nyeusi miaka kama 7,600 iliyopita. Wenzao wengi hawakukubali kwamba ilitokea kwa ghafla hivyo. Mimi naona nchi ya mito miwili inatosha.

Nasema inatosha kwa sababu nimekaa bondeni. Mtu wa mlimani hawezi kuelewa. Mtu wa mlimani anaona mvua inanyesha, maji yanakwenda zake. Sisi tunaona maji yanakuja hata siku ambayo kwetu hakuna wingu, kwa sababu yamenyesha Udzungwa, yamenyesha Mahenge, yameshuka na Mnyera na Ruhudji na mito mingine isiyohesabika. Yanapanda toka chini kama uji unaofura. Usiku ule tulipokuwa tunahama nilisimama juu ya kichuguu nikageuka pande zote nne. Kaskazini maji, kusini maji, na milima imefunikwa na wingu kabisa, huioni. Kama ningekuwa mtu wa kale, sijawahi kusikia Ulaya wala Amerika, ningewaambia wajukuu zangu kitu gani? Ningewaambia nchi yote ilifunikwa, pamoja na milima. Na nisingekuwa nimesema uongo.

Nilipomweleza Babu haya alinyamaza kidogo, kisha akanitupia maswali mawili ambayo ni magumu kuliko yote niliyosikia kijiweni.

La kwanza: "Kama ilikuwa ya nchi moja, kwa nini Nuhu ajenge safina miaka yote hiyo? Si angehama tu?"

Nikamjibu, "Babu, kwa nini sisi hatuhami?" Maana tunajua mto utakuja, na bado tuko. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya, na Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji kuwahamishia watu kwenye vijiji vya sehemu za juu. Watu wengi waliendelea kushuka kulima bondeni, wakakaa madunguni kulinda mazao, kwa sababu tope la mto ndilo lililowalisha. Mtu wa bonde hakimbii mto. Anachonga mtumbwi.

La pili lilikuwa hili: "Mungu aliweka upinde wa mvua, akaahidi kwamba hataleta tena gharika. Kama ile ilikuwa mafuriko ya nchi moja, basi ahadi imevunjwa mara ngapi? Mimi niliyaona maji ya mvua za mwaka wa Uhuru, za 1961 kuingia 1962. Nikaona ya 1998. Nimeona haya ya juzi."

Hapo, msomaji, nilikaa kimya siku mbili nzima. Wanaoshikilia dunia nzima wana hoja hapa, na si haki kuificha. Mwishowe nikaona kitu. Ahadi ile haisemi kwamba mito haitafurika. Inasema kwamba viumbe hawatahukumiwa tena kwa maji. Basi chukua upande wowote. Ukisema gharika ilikuwa ya dunia nzima, ahadi inasema hukumu hiyo haitarudi. Ukisema ilikuwa ya nchi moja, ahadi ile ile inasema maji yanayokuja baadaye ni maji, si hukumu. Kwa njia zote mbili yule mhubiri wa spika amekwenda kinyume cha kitabu alichokishika mkononi. Fimbo aliyotuchapia haikuwa yake.

Nilimwambia Babu hivyo. Yeye hakukubali kwamba gharika ilikuwa ya nchi moja, na mpaka leo hajakubali. Lakini aliinuka, akatafuta miwani yake, akanifungulia Luka sura ya 13. Pale Yesu anawauliza watu kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Naye anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Babu akafunga kitabu akasema, "Twende kwa yule mama."

Tulikwenda. Sitaandika yote yaliyosemwa, kwa sababu ni yake. Nitasema tu kwamba Babu ndiye aliyezungumza, hakumtaja Nuhu wala mara moja, na kwamba yule mama alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu.

Mtu anaweza kuniuliza, sasa faida ya kubishana gharika ya kale ni nini? Faida ni hii. Ukiamini mafuriko ni adhabu, utatafuta mwenye dhambi, na mara nyingi utamkuta kwa maskini aliyejenga bondeni. Ukiamini mafuriko yana chanzo, utauliza mengine: nani anakata miti milimani? Nani analima mpaka kwenye kingo, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni? Mfereji umezibwa na nini? Utabiri wa mvua unafikaje kwa mama asiye na redio? Maswali haya hayamfukuzi Mungu. Yanamwondolea tu kesi ambayo si yake.

Na kwenu waandishi wenzangu chipukizi, ninalo neno la mwisho. Watu wa mito miwili walifurikiwa kama sisi. Tofauti ni kwamba wao walichukua tope lile lile la mto, wakalifinyanga kigae, wakaandika. Ndiyo maana leo, baada ya maelfu ya miaka, mtoto wa Michenga anaweza kusoma habari za mvua yao. Sisi maji ya 1962 yamebaki kichwani mwa Babu, na Babu ni mzee. Kaka, dada, kaa na babu yako, kaa na bibi yako. Andika mwaka, andika maji yalifika wapi, andika majina ya waliokufa kama ndugu zao wakikubali.

Ukutani kwetu ule mstari wa tope wa 2024 bado upo. Mama alitaka kuupaka chokaa tuliporudi. Nilimwomba auache. Nimechora msumari pembeni yake na kuandika tarehe.